Kuhukumu, kuamua, kutathmini, kukadiria au kuona: "judge" tuiandike vipi kwa Kiswahili?

Mtu anayeandika au kutafsiri nyaraka hapa Dodoma hawezi kulikwepa neno hili la Kiingereza. Analikuta kwenye ripoti ya mradi wa maji, kwenye kanuni za mashindano ya ngoma za shule, kwenye mwenendo wa kesi, hata kwenye ujumbe wa simu wa kijana anayelalamika kwamba watu wanamsema. Kiingereza kinatumia kitenzi kimoja, judge, kwa kazi ya jaji aliyevaa joho, ya refa uwanjani, ya mama anayegeuza nyanya mkononi pale soko la Majengo, na ya jirani anayemwangalia binti wa watu kuanzia kichwani hadi miguuni. Kiswahili kazi hizo kimezigawa, kila moja na kitenzi chake. Ndiyo maana anayetafsiri anakwama.

Wengi wakikwama hukimbilia "hukumu", kwa kuwa ndilo la kwanza kuja kichwani. Linafaa mahali pake, lakini likipelekwa kusiko kwake linampa mtu mamlaka asiyokuwa nayo, au linamtia hatiani mtu ambaye hajashtakiwa popote. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Katika mji huu ambao karatasi ya ofisi moja husomwa kwenye ofisi tano, kitenzi kikikosewa huleta maswali ambayo mwandishi hatakuwepo kuyajibu.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kuchagua

Nitavipitisha vitenzi vyote kwenye maswali manne yaleyale. Nani anatenda, na mamlaka yake yametoka wapi? Anatumia kipimo gani: sheria, vigezo vilivyoandikwa, namba, au macho na uzoefu wake? Akishamaliza, kinabaki nini: amri ya kutekelezwa, alama, kiasi, au maoni tu? Na anayetajwa anabaki na doa au habaki nalo?

Kwangu swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Ukishajua kinachobaki mezani baada ya kazi kwisha, kitenzi hakikusumbui tena.

Kuhukumu

Anayehukumu ni mahakama, au ni Mungu. Shina la neno ni la Kiarabu, na ndugu zake tunao wote: hakimu, mahakama, hata hekima. Kwa mpangilio wetu hakimu anakaa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi. Jaji anakaa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Kiingereza cha kawaida kinaweza kuwaita wote kwa jina moja, lakini ukiandika "jaji wa Mahakama ya Mwanzo" msomaji wa Tanzania anajua papo hapo kwamba hujui unachokisema.

Kipimo chake ni sheria na ushahidi. Kinachobaki ni hukumu yenyewe, waraka wenye nguvu. Aliyeshinda kesi ya madai anarudi mahakamani kuomba kukaza hukumu ili alipwe. Kwenye jinai, sikio la Mswahili likisikia "amehukumiwa" linasubiri adhabu: miaka mingapi, au faini kiasi gani? Hapa ndipo tafsiri nyingi zinapoharibika. Kwa Kiingereza mtu anaweza kuwa "judged" akatoka mahakamani akiwa huru, na sentensi ikabaki sawa. Kwa Kiswahili, ukiandika "Mshtakiwa alihukumiwa na mahakama Jumatatu" na ukaishia hapo, ndugu zake waliosoma habari hiyo wanajua amefungwa. Kwa hiyo tenganisha hatua. Mahakama inamtia mtu hatiani, halafu inamhukumu kifungo au faini. Au inamwona hana hatia na kumwachia huru. Vitenzi hivi ni vya hatua tofauti, havibadilishani nafasi.

Swali la doa halina mjadala. Hukumu inaacha doa zito, na ndiyo maana Mathayo sura ya 7 inatukataza kuhukumu. Vijana nao wamelichukua neno kwa maana hiyohiyo ya kulaumiwa: "usinihukumu", au kwa lugha ya vijiweni "usinijaji". Silipingi hilo kwenye mazungumzo, maana linaeleweka. Lakini ukiwa unatafsiri hadithi au makala ya ushauri, Kiswahili kina njia zilizozoeleka zaidi: kumsema mtu, kumfikiria vibaya, kumpima mtu kwa mavazi. Na ile methali ya Kiingereza inayokataza kukipima kitabu kwa jalada lake haina haja ya kuburutwa neno kwa neno wakati tuna "uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti".

Linamfaa karani wa mahakama, mwandishi wa habari za kesi na mhubiri. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikibakizwa kwa pale ambapo haki inahitaji. Tangu hapo kundi hili la waandishi limekuwa na kazi kubwa zaidi, na usahihi wa neno hili moja umekuwa ni haki ya mtu.

Kuamua

Hiki ni kipana kuliko chote, na kwa maoni yangu ndicho kinachodharauliwa zaidi. Anayeamua ni yeyote mwenye haki ya kulimaliza jambo: mwamuzi wa mpira, kikao cha ukoo, bodi, mtu na nafsi yake. Kuamua ni pia kuingia kati ya wanaopigana na kuwatenganisha; aliyeamua ugomvi sokoni hakumfunga mtu, amewaachanisha. Maana hiyo bado iko hai ndani ya neno hata tunapolitumia ofisini.

Kitabu cha Agano la Kale ambacho Kiingereza kinakiita kwa jina la majaji, Biblia ya Kiswahili inakiita Waamuzi. Ukisoma habari za Debora na Gideoni unaona kwamba watu hao waliwaongoza na kuwaokoa wenzao vitani; Debora ndiye anayeonekana amekaa chini ya mtende watu wakimletea mashauri yao. Wafasiri wale wangeweza kuandika "Mahakimu" wakaishia hapo. Waliitazama kazi kwanza, cheo baadaye, na ni mfano mzuri kwa mtafsiri wa leo.

Kipimo cha anayeamua hubadilika: sheria kumi na saba za mpira, kanuni za kikao, desturi, au busara tu. Kinachobaki ni uamuzi, yaani jambo limefika mwisho. Hata mahakamani neno lina nafasi yake. Hukumu inaifunga kesi. Uamuzi unamaliza hoja iliyozuka njiani, kama dhamana au pingamizi. Bungeni hapa mjini mbunge anaomba mwongozo, na Spika akishasikiliza anatoa uamuzi. Hakuna anayesema Spika amehukumu hoja. Vivyo hivyo Uwanja wa Jamhuri, Dodoma Jiji wakiwa wanacheza, refa anaamua kama ni penalti au si penalti, na mashabiki wanabishia uamuzi wake mpaka Jumatatu.

Kuhusu doa, kuamua hakumwachi mtu na aibu. Aliyeshindwa kwa uamuzi anaweza kusema hakuridhika, akaenda ngazi ya juu, na jina lake likabaki safi.

Tahadhari moja inahusu ardhi, na kwa mji unaokua kama huu inafaa kurefushwa kidogo. Kabla ya 2021 Baraza la Kata liliweza kuamua migogoro midogo ya ardhi. Sheria ikabadilishwa mwaka huo, baraza likaondolewa mamlaka hayo na kubakiziwa kusuluhisha. Likishindwa kuwapatanisha wahusika ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sasa chukua muhtasari ulioandikwa hivi: "Baraza la Kata liliamua kiwanja ni cha Mama fulani." Karatasi hiyo inadai kitu ambacho baraza halina uwezo nacho. Iandikwe: "Baraza liliwasuluhisha wahusika, wakakubaliana kwamba…" au "Baraza lilishindwa kuwasuluhisha wahusika." Mwenyekiti hapungukiwi heshima kwa kuandikiwa hivyo, na mwenye kiwanja anabaki na waraka usiomwangusha mbele ya safari.

Neno dogo pembeni: "kufanya maamuzi" limeenea mno maofisini, na mara nyingi ni Kiingereza kilichovaa kanzu. "Kuamua" linatosha. Ukihitaji nomino, kikao hutoa uamuzi.

Kutathmini, na ndugu yake kupima

Anayetathmini ni mtaalamu au kamati iliyopewa kazi ya kuangalia kitu kina ubora gani au kimeleta nini. Kipimo chake ni vigezo vilivyoandikwa mapema. Vigezo visipokuwepo hiyo si tathmini, ni maoni yaliyopewa jina kubwa. Kinachobaki ni ripoti na mapendekezo. Mwenye kuamua ni mwingine. Kwa sheria ya mazingira ya 2004 mradi mkubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na anayeiandika siye anayetoa kibali. Ripoti ikisema "mtaalamu aliamua mradi uendelee", imempora mwenye kibali kazi yake.

Shina la tathmini ndilo la thamani, na ukaribu huo unaleta mkanganyiko mmoja ambao watu wa Dodoma wanaujua kwa uchungu, kwa sababu ardhi nyingi imetwaliwa kwa barabara, reli na majengo ya serikali. Anayekuja kuhesabu miti, kupima nyumba na kukokotoa fidia anafanya uthamini, naye ni mthamini. Kazi hiyo ina sheria yake ya mwaka 2016. Anayekuja baadaye kuuliza kama waliohamishwa wanaishi vizuri anafanya tathmini. Tangazo la mtaa likichanganya maneno hayo mawili, wananchi watakuja na karatasi za mashamba kwenye mkutano uliokusudiwa kuwauliza maswali tu.

Kupima ni jirani wa karibu, lakini kunataka alama au kiasi. Shuleni ndiko tofauti inakoonekana vizuri: mtihani wa taifa wa darasa la nne na ule wa kidato cha pili huitwa upimaji, kwa kuwa mtoto anapewa alama. Kuutazama mtaala mzima na kusema unafaa au haufai ni kutathmini.

Doa ni dogo, ila lipo kwa anayepata alama za chini, hivyo lugha iwe ya kitu na si ya mtu. "Kazi yake ilipimwa ikapata alama 40" ni bora kuliko "alipimwa akaonekana dhaifu".

Vitenzi hivi viwili vinawafaa watu wa ufuatiliaji na tathmini, walimu, wanafunzi wa UDOM wanaoandika utafiti, na waandaaji wa mashindano. Hao wa mwisho wana jambo lao. Kiswahili kimeshazoea kuwaita watu wa jopo "majaji", kwenye ngoma, muziki, hata maonesho ya Nane Nane pale Nzuguni. Nomino hiyo imekubalika na sina ugomvi nayo. Ila usiifuate hadi kwenye kitenzi. Majaji wa mashindano hawahukumu mvinyo wa zabibu za Makutupora. Wanauonja, wanaupima kwa vigezo, wanatoa alama, wanamchagua mshindi.

Kukadiria

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu neno lenyewe halina utata. Anayekadiria ni mtu yeyote mwenye uzoefu, na kipimo chake ni jicho au hesabu isiyokamilika. Kinachobaki ni kiasi kinachoweza kusahihishwa kesho. Doa hakuna.

Kiingereza kinasema mtu ame-"judge" umbali, kasi, uzito. Kiswahili kinasema amekadiria. Mnunuzi wa mahindi Kibaigwa akiona gunia lililoshonwa lumbesa anakadiria kilo zilizozidi kabla halijafika kwenye mizani. Mkulima wa uwele huku kwetu, ambako mvua ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, anakadiria kama mvua iliyobaki inatosha kupandia tena. Na kila mwaka kati ya Aprili na Juni Bunge linajadili makadirio ya mapato na matumizi ya kila wizara, fedha ambazo zimepangwa lakini hazijatumika.

Kiingereza kikianza sentensi kwa "judging by", usitafute kitenzi kabisa. "Kwa mawingu haya, jioni itanyesha" imekamilika.

Kuona, kuchukulia, kuhesabu

Anayeona ni mtu mmoja au kikao kinachotoa maoni yake. Kipimo ni fikra zake baada ya kusikiliza, na kinachobaki ni msimamo unaoweza kupingwa. Hiki ndicho kitenzi kinachofaa pale Kiingereza kinapotumia "judge" kwa maana ya kufikiri: "Kamati imeona ni vyema kuahirisha." Mahakama pia hukitumia; hakimu huandika kwamba anaona upande wa mashtaka umethibitisha au haukuthibitisha shitaka, ndipo anapofikia hukumu.

Kwenye sheria kuna kisa cha pekee. Kiingereza cha sheria kina "deem", yaani kukichukua kitu kuwa hivi kwa amri ya sheria hata kama kwa kawaida si hivyo. Hapo andika "itachukuliwa kuwa" au "atahesabiwa kuwa". Usiandike "itaonekana kuwa", kwa sababu sheria haielezi jinsi jambo linavyoonekana; inaamuru lichukuliwe hivyo.

Tuviweke kwenye sentensi moja

Tuseme kuna kisima kijijini na kuna kamati ya maji. Ukiandika "kamati ilikihukumu kisima", msomaji atatafuta kosa la kisima. "Kamati iliamua kisima kifungwe" inatuambia jambo limekwisha na kuna mtu ataleta kufuli. "Kamati ilitathmini kisima" inatuambia walikagua pampu, wakahesabu kaya zinazochota, wakaangalia ladha ya chumvi, wakaandika ripoti. Hatujui bado kitafungwa au la. "Kamati ilikadiria maji ya kisima" inatupa kiasi cha ndoo kwa siku, zaidi au pungufu. "Kamati iliona kisima hakitoshi" inatupa maoni yao, na mhandisi wa wilaya anaweza kuja na ya kwake. Kwa Kiingereza zote hizo zingeweza kupita kwa "judged", na msomaji akabaki kuotea. Kwa Kiswahili mwandishi analazimika kujua kilichotokea ndani ya kikao kabla hajaandika. Mimi nauona ulazima huo kuwa ni nguvu ya lugha yetu, na ningependa tuutumie.

Kulingana na unachoandika

Ukiwa unaandika habari za mahakamani, hukumu iwe ya mwisho wa kesi tu. Dhamana na mapingamizi yaitwe uamuzi, na aliyeachiwa huru asitajwe popote kuwa "alihukumiwa".

Ukiwa katibu wa mtaa au wa kikao cha ukoo, shika "kuamua" kwa mambo yaliyo ndani ya uwezo wenu, "kusuluhisha" kwa ugomvi, na "kuona" kwa maoni. Mkimtaka mtu alipe, andika "kikao kilikubaliana naye kwamba atalipa", ikiwa kweli alikubali. Kama hakukubali, andika hivyohivyo.

Ukiwa mtu wa miradi, kitenzi chako cha kila siku ni kutathmini, lakini vigezo vitangulie kwenye ukurasa. Takwimu za awali zipe "kukadiria", ili mfadhili asije akakushika kwa namba uliyoikisia.

Ukiandaa mashindano, "majaji watatoa alama" inatosha. Kwenye kanuni ongeza mstari unaosema nani ana uamuzi wa mwisho panapotokea malalamiko, kwa sababu kutoa alama na kuamua rufaa ni kazi mbili, na si lazima zifanywe na watu walewale.

Ukitafsiri hadithi, msikilize anayesema. Bibi wa Mpwapwa atasema "mnamsema bure mtoto wa watu". Mjukuu wake wa chuo atasema "msimhukumu". Waache kila mmoja na lake.

Na kama umesoma sentensi ya Kiingereza mara tatu na hujui bado mwandishi alikusudia lipi, muulize. Akiwa hapatikani, achana na kitenzi na uandike kile kilichobaki mezani: walitoa alama 72, waliandika barua ya onyo, walipendekeza pampu ibadilishwe.